Jina la mkwe

Hakuwa na viatu. Hakuwa na ndugu Kigoma, wala picha ya mtu aliyemtafuta. Hussein, namsema Alute wetu wa Ihanja. Nimetoka kumzika sasa hivi, na mjane wake ndiye kanisimulia.

Mwaka sabini na mbili, Warundi walipokimbia mauaji, Alute alikwenda mpakani, huko Kigoma, kumtafuta mama mzazi wa mkewe Magdalena, aliyekuwa Mrundi. Akafika kwa watu wa kanisa waliokuwa wakiwagawia wakimbizi uji na mablanketi.

Dada mmoja akamuuliza, "Kaka, unamtafuta nani?"
"Mkwe wangu."
"Jina lake?"

Hussein, unajua sisi mkwe hatumtaji jina, hata nyumba ikiungua.

"Wakwe hapa ni wengi, kaka. Nipe jina nimwite, lori linaondoka."
"Dada, mimi nimelelewa. Siwezi."

Hakulitaja. Lori likaondoka kwenda makazi ya mbali. Nyuma kabisa ameketi mama aliyejifunika uso kwa khanga, kama mkwe anavyojificha mbele ya mkwewe. Ndiye. Alikwisha kumwona Alute, akaona haya kumwita.

Alute akakimbia nyuma ya lori mpaka miguu ikachanika.

Ndipo akakumbuka kalamu mfukoni. Kalamu ya darasa letu la usiku, Hussein. Mwiko ulifunga mdomo tu, mkono ulikuwa huru tangu asubuhi.

Akaomba karatasi na bahasha, akaliandika jina lote, na chini yake: "Nisamehe, mama. Magdalena anakungoja Ihanja." Akaigandisha bahasha kwa uji uliobaki kikombeni, akampa dereva wa lori lililofuata kwenda makazi yale yale.