Kamba ya Makayabo

Goma, Kivu
Tarehe 12 Agosti 1956

Mpendwa kaka yangu Védaste,

Nakusalimu kwa mapendo mengi, wewe, mke wako Marie-Claire na watoto. Kifua chako kimepona? Barthélemy, aliyefika kutoka huko kwenu, anasema vumbi la Élisabethville linakohoza hata mbwa, nami nikakufikiria. Mimi na shemeji yako Célestin tuko wazima. Mlima wa moto umetulia, na lile jiwe la mbele ya mlango lililokuvunja jino bado lipo pale pale.

Sasa habari za mama, maana najua unaruka mistari ukitafuta jina lake. Yuko hapa kwangu tangu mwezi wa sita. Anakula, anasali, anatukana. Basi soma polepole.

Ule uvimbe wa titi la kushoto, daktari alituambia wazi kwamba ni kansa na kwamba lazima aukate. Mama alikubali, ila akaomba kwanza arudi Rutshuru kuvuna maharage yake. Huko uso wake ukajaa, mashavu yakang'aa, miguu ikawa minene. Wewe unajua mtu akinenepa kwetu tunasemaje. Shangazi Mukamazimpaka akapika pombe ya mtama, akawaita majirani waje wamwone wifi yake aliyeishinda kansa. Watu wakacheza. Habari ya kukatwa ikasahauliwa.

Nilipofika kumchukua nilimkuta amekaa anapokea sifa. Nikaushika mguu wake nimvue kiatu. Nilipouachia, alama za vidole vyangu zilibaki pale, kama mtu aliyebonyeza unga uliokandwa. Hofu ilinishika, kaka. Unene wa kushiba haubonyei hivyo. Siku ile ile nilimpakia kwenye kamyo ya mboga, shangazi akinigombeza hadi barabarani, kisha akapanda na yeye, eti hawezi kuniachia mgonjwa peke yangu.

Daktari alichemsha mkojo wa mama mbele yetu, ukaganda mweupe kama ute wa yai. Akasema figo zake zinaugua, tena kwa miaka, tangu kabla ya uvimbe. Nilikasirika sana. Ule uchovu, kile kichefuchefu, kule kuamka usiku kwenda nje, yote tuliisingizia kansa, na hakuna aliyeuliza kama mwili mmoja unaweza kubeba magonjwa mawili. Daktari hakutuficha: figo hizo hazitarudi kuwa za zamani. Lakini akimlaza kumkata sasa, na maji haya yote mwilini, huenda asiamke. Lazima maji yapungue kwanza, na uvimbe nao hautusubiri. Kuliko dawa yoyote, amekataza chumvi.

Basi nimeifukuza chumvi nyumbani. Tunakula wote bila chumvi, hata Célestin, ambaye anatafuna maharage yake akiangalia dirisha kama mfungwa. Natia ndimu, kitunguu, karanga, naendelea.

Vita vyangu ni na shangazi. Nilimkamata akifungua fundo la kikwembe alichojifunga juu ya chungu, chumvi ya ziwa la Katwe ndani. Akaniambia, "Ngombe tunazilambisha chumvi, na mama yako unamunyima? Watu watasema nini siku ya kilio?" Nikamjibu, "Shangazi, njo sababu sitaki hiyo siku ifike." Akalia, nami nikalia. Kisha nikaifungia chumvi yake ndani ya sanduku la misumari la Célestin, na ufunguo nauvaa shingoni pamoja na rozari.

Tukiwa katika vita hivyo, akafika Barthélemy na mzigo wako wa makayabo. Usihuzunike. Mama aliupakata ule mzigo wa samaki wa chumvi, akaunusa, akafumba macho. Halafu akasema, "Mupatie majirani. Lakini kamba muniachie, mutoto wangu njo aliifunga." Akamwambia Célestin aikate sawasawa na butega yake, ile pete ya majani aliyovaa mguuni siku ya ndoa na ambayo anaitunza mpaka leo. Alipoizungusha juu ya kifundo cha mguu, ncha mbili zilikataa kukutana. Tangu hapo anaijaribu kila asubuhi kabla ya kusali, na bakuli lake la maharage analimaliza bila kunung'unika.

Kwa hiyo nakuomba, usitume samaki tena. Omba ruhusa kazini, uje mwenyewe. Mimi siiachii kansa mama yetu, wala figo, lakini siku atakapoingia chumba cha kukatwa nataka akuone kwanza. Usiniandikie kwamba utajaribu. Niandikie siku utakayopanda treni.

Shangazi anakusalimia, ingawa anasema wewe ndiye uliyenifundisha ubishi huu. Célestin anakusalimia, na Barthélemy pia. Mbusu kila mtoto kwa niaba ya bibi yao. Mungu aliyetupa mama huyu awalinde njiani na kazini.

Mimi dada yako akupendaye daima,
Annonciata

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, mama akaniita. Asubuhi hii kamba imezunguka mguu, na amepiga fundo kwa mkono wake. Njoo, kaka.