Moshi wa Mkorosho

Newala,
19 Septemba 1954

Kaka Arthur,

Shikamoo. Habari za Masasi na za wanafunzi wako? Kile kikohozi cha Juni kimekuachia, au bado unajifanya mzima mbele ya darasa? Sisi huku hatujambo. Mama anakula na kulala vizuri. Shida yetu ni ile ile ya maji. Visima vya bondeni vimebaki tope, na ukipanda na debe kichwani unafika nyumbani magoti yanagongana.

Barua yako niliipata Jumapili iliyopita, nikamsomea Mama. Ila niliruka pale ulipouliza kama mikono yake imezeeka hata akampa mjomba wa Julia nyama chungu. Mdomo ulinigomea. Najua posa yako kwa Julia imekwama kwa sababu ya nyama ile, basi acha nikueleze ilivyokuwa.

Unamjua Mama na kuni zake. Ugali anaupikia chochote, lakini nyama ya kubanika ni mkwaju tu, uliopasuliwa, ukaambuliwa magome, ukakaa upenuni misimu miwili ya kiangazi. Anagonga vipande viwili pamoja, na visipotoa mlio mkavu anavirudisha. Anasema kuni mbichi hutoa povu kwenye ncha na moshi mzito mweupe, unaoacha masizi machungu juu ya nyama. Zilizokaa miaka mingi nazo huwaka tu, nyama ikatoka haina ladha, kama iliyoanikwa juani. Yeye anataka moshi mwembamba ambao huuoni vizuri, ila pua inausikia. Tangu utoto nimeyasikia hayo, na nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Mzee Cecil, huyo mjomba wa Julia, alipoleta habari kwamba watatoka Chilangala kuja kututazama, Mama alichinja yule beberu mweusi, akapanga nyama juu ya uchanja. Mara akaitwa kwa Shangazi Paulina, aliyekuwa hoi kwa homa, akaniachia moto. Aliniambia nitumie rundo la upenuni, nisiongeze kitu kingine. Alasiri aliporudi alisimama mlangoni mwa jiko, akanusa, akanitazama, kisha akaenda kugeuza nyama. Ilikuwa nyeusi tii, inanata. Mbuzi mwingine hatukuwa naye, na wageni walikuwa wanafika kesho yake.

Mzee Cecil alitafuna vipande viwili, midomo ikaanza kumwasha, ikavimba mbele ya watu wote. Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kama kwetu ndivyo wakwe wanavyopokewa. Mama akajibu kwamba macho yake yamezeeka, amechanganya kuni. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la kunawia mikono, nikaendelea kuwanawisha wageni. Tangu siku hiyo hata majirani waliokuwa wakimletea Mama nyama zao awabanikie hawaji tena. Uchanja uko mtupu.

Kaka, Mama hakuchanganya kuni. Ni mimi. Mama Fikirini hapo jirani ana lile pipa la maji ya mvua chini ya bati lake. Nilimpa nusu ya rundo la mkwaju, akanipa madebe manne. Nilitaka kufua gauni la Sikukuu ya Mavuno, na kushuka bondeni kulikuwa kumenichosha. Sina sababu nyingine, usinitafutie. Pengo nililijaza matawi mabichi ya mkorosho, nikayapanga nyuma ya mkwaju, nikidhani yatakauka kabla Mama hajayafikia. Utomvu wake si unaujua, unababua hata ngozi! Siku ile mkwaju ulipokaribia kuisha nikajiambia moshi ni moshi, nikayatia motoni. Ovyo kabisa!

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Mama upenuni anagonga kuni zake, nikapiga magoti nianze kumweleza. Hakuningoja nimalize. Aliniuliza nilipata madebe mangapi.

Alijua tangu aliponusa pale mlangoni. Nikamuuliza kwa nini basi alijitwika aibu yangu. Alisema yeye ameshaolewa na kuzaa, wakimsema amezeeka hapungukiwi kitu, lakini mimi nikitajwa hivyo mbele za watu, nani atakuja kuniposa? Kisha akaniambia nikachote maji. Nilishuka bondeni nikilia njia nzima.

Pamoja na barua hii unapata kifurushi cha nyama. Nimeibanika mwenyewe kwa mkwaju uliobaki. Mpelekee Mzee Cecil huko Chilangala. Mwache aonje kwanza, ndipo umsomee barua hii yote, na jina langu usiliruke kama mimi nilivyoruka maneno yako. Akichagua kuwaambia watu, na awaambie. Mama hajui ninachoandika, anadhani ni salamu tu. Nyama hiyo aliinusa, akala kipande kimoja, akakifunga kifurushi kwa mikono yake.

Anakusalimu sana. Shangazi Paulina amepona, naye anakusalimu. Nisalimie Julia, ikiwa bado anataka salamu zangu.

Ni mimi, mdogo wako niliyeachiwa moto,
Helena