Picha ya Mama Mkwe

Jumamosi, 4 Mei
Nimefua, nimechemsha githeri ya mahindi na maharagwe, nimesahihisha madaftari ya darasa la sita. Saa nane nikashika brashi. Mama mkwe alikaa karibu na dirisha, mtoto wangu Makena miguuni pake. Mara yangu ya kwanza kuchora mtu aliye mbele yangu, si picha ya simu. Shavu la kushoto limenikataa. Ngozi yake si kahawia tu, ina kijani ndani. Baada ya saa moja mtoto akalia. Nilikasirika. Nimemkasirikia mtoto wa miaka miwili kwa sababu amelia. Siwezi kumwambia mtu.

Jumanne, 7 Mei
Sijachora. Mkutano wa walimu, mvua, nguo hazikauki. Mume wangu, Mutwiri, amepiga simu kutoka Embu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi. Huja Meru Jumamosi jioni tu. Aliuliza habari za mtoto na za mama yake. Za picha hakuuliza.

Jumamosi, 11 Mei
Makena amekunywa tapentaini.

Niliimimina kwenye chupa ya soda, ya kusafishia brashi. Nikaiweka sakafuni. Mama mkwe aliinuka kwenda chooni. Akaniambia, "Mama Makena, mwangalie mtoto." Nikasema sawa. Nilikuwa nachora jicho. Nikasikia kikohozi.

Boda boda hadi hospitali. Daktari anasema imeingia mapafuni. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Najua jina la buluu hiyo. Najichukia kwa kulijua.

Mutwiri alifika saa kumi na mbili. Kabla sijafungua mdomo, mama yake akasema, "Ni mimi nilikuwa namwangalia. Nilisinzia."

Nikanyamaza.

Jumatatu, 13 Mei
Wodini. Oksijeni. Homa. Mutwiri ameomba ruhusa kazini. Haongei na mama yake. Mimi ananiletea uji na kunipa pole, na hiyo pole inachoma. Nilimwuliza mama mkwe pale nje ya wodi kwa nini alisema vile. Akasema, "Mimi ni mama yake. Hawezi kuniacha. Wewe anaweza."

Alhamisi, 16 Mei
Homa imeshuka. Makena ameomba ndizi. Nililia mbele ya nesi.

Mchana Mutwiri alimwambia mama yake kwamba hawezi kumwachia mtoto tena. Alisema mbele yangu. Mama akajibu, "Sawa." Nilikuwa nakunja blanketi. Niliendelea kukunja. Jioni mama mkwe amefunga nguo zake, amerudi kwake Timau.

Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 18 Mei
Tumeruhusiwa kwenda nyumbani. Nilipomlaza mtoto nikamweleza Mutwiri yote. Chupa, jicho, choo. Sikupamba. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Na ukamwacha mama aondoke?"

Nikasema ndiyo.

Alikaa nje kwenye ngazi mpaka chai yake ikapoa.

Jumapili, 19 Mei
Amekwenda Timau kumwomba mama yake msamaha. Amerudi peke yake. Mama amemsamehe, lakini hataki kurudi kukaa hapa. Anasema ana viazi vya kupalilia. Kesho Mutwiri anarudi Embu. Mimi haniongeleshi ila kuhusu dawa. Nimepata jirani hapa mtaani Majengo wa kukaa na Makena nikiwa shuleni. Picha nimeigeuza, imetazama ukuta. Rangi bado ni mbichi.

Jumatano, 22 Mei
Kazi, dawa, kazi. Mtoto anakohoa alfajiri. Mikono yangu hainuki tapentaini tena. Nimeinusa mara mbili kuhakikisha.

Jumapili, 26 Mei
Nimempeleka Makena Timau. Baridi kali. Mama mkwe alimfunga mgongoni kwa leso, akarudi kwenye viazi vyake. Nilichukua jembe, nikashika mstari wa pili. Nikamwomba msamaha. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kulima.

Tulipofika mwisho wa shamba akaniuliza kama nimeacha kuchora. Nikasema sijui.

"Usiache," akasema. "Lakini mimi usinichore tena."

Tulimaliza mistari minne. Alitupatia kabichi mbili. Makena alilala mapajani mwangu njia nzima ya kurudi nyumbani, akipumua bila kukohoa.