Pengo kwenye Bawa la Chechemea

Jumamosi, mwezi wa nane. Leo asubuhi ziwa lilikuwa jeupe kama uji uliopoa, huoni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Mpaka sasa nikifumba macho nauona ule weupe.

Kesho wifi yangu Minza anakuja kumchukua binti yangu Kabula. Amefungua kibanda cha mitumba Geita, anataka msichana wa kumwamini. Baba Kabula amesema uamuzi ni wangu. Tangu Jumatano nasema hapana. Sababu sina. Nasema tu bado mtoto.

Basi leo tulikuwa tunaanika dagaa hapa ufukweni Mkuyuni, mimi na yeye, na shakwe wamekuja kuiba kama kawaida yao. Ukianika dagaa miaka mingi unawajua hawa ndege. Aliyezaliwa juzijuzi ana kahawia mgongoni kama aliyemwagiwa chai, na mkia wake una mstari mweusi mwishoni. Akipukutisha manyoya ya utoto, kahawia inabaki kidogo mabawani. Mkubwa ndiye mwenye kichwa cha kijivu na mdomo mwekundu. Kwa mwili hutawajua, wanalingana wote. Manyoya ndiyo yanasema.

Kati yao yuko mmoja tunamwita Chechemea, kwa sababu ya mguu wake mbovu. Mara ya kwanza kumwona alikuwa wa chai kabisa. Leo alitua karibu yangu akanyoosha mabawa, nikaona pengo. Kila bawa pengo, kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Nikasema huyu kapigwa jiwe, mbwa watamla. Nikamfunika na tenga tupu, nikaweka jiwe juu lisipinduke.

Nilijisikia vizuri, kweli. Nimeokoa kiumbe.

Humo ndani alipiga kelele, akawa anajipigiza kwenye fito. Kabula akaja, akainama, akachungulia. Akaniuliza, jiwe gani hilo linalotoboa mabawa yote mawili mahali palepale? Akaingiza mkono, akamtoa taratibu, akalikunjua bawa mbele ya macho yangu. Kwenye pengo kulikuwa na unyoya mpya unachomoza, bado umeviringika ndani ya ganda lake kama jani changa la mgomba.

"Hajaumia, mama. Anabadilisha. Angekaa humo angeyavunja haya mapya."

Tukamkagua pamoja. Mkiani mstari mweusi umekatikakatika. Bawani kahawia imebaki kidogo. Kichwani kijivu kimeanza, kama aliyepuliza moto akarukiwa na majivu. Si mtoto, si mkubwa.

Kabula akanitazama, anacheka kwa chini.

"Na mimi je, mama? Kahawia yangu imebaki wapi?"

Nikamwambia ashike ndege vizuri, asinichokoze. Lakini nilimtazama. Alivyomshika yule ndege, mkono mmoja chini ya kifua, hambani wala hamwogopi. Mimi mama mtu mzima nilikuwa nimeweka jiwe juu ya tenga.

Akamwachia. Nilijua ataanguka majini. Aliyumba kidogo, mwanga ukapita kwenye yale mapengo, kisha akakaa sawa. Kumbe manyoya yale hayang'oki yote kwa pamoja. Yanapokezana. Ndege anaruka hivyohivyo, amepungua, na anafika. Akaenda, akaenda, weupe ukammeza.

Nikarudi kwenye dagaa, nikaendelea kuanika.

Sasa jioni. Kabula yuko uani anaosha miguu, anaimba. Nani atamkumbusha chandarua huko? Akiugua, Minza atajua kwamba huyu mtoto hapendi kusema anapoumwa? Haya yote yananitembea kichwani na sidhani yataacha.

Ila nimeshamwambia aende.

Hakuruka wala kupiga vigelegele. Alikaa karibu yangu tu, akaniegemea begani kama alivyokuwa anafanya zamani, na uzito wake si ule wa zamani.

Kesho nitawasindikiza mpaka Kigongo. Kwenye kivuko sitapanda. Nitasimama pale pale kikienda, nitazame mpaka kisionekane. Mikono yangu sijui nitaiweka wapi.