Redio ya Bendi Nane

Jumanne, 4 Machi 1997

Nimechuma chai hadi saa nne. Majani mazuri, mvua imekuja mapema.

Posta ya Litein imeleta kikaratasi: kifurushi kimefika. Nimekwenda na kurudi kwa miguu. Ndiyo ile redio ya bendi nane niliyoagiza kwa tangazo la gazeti, kutoka kwa muuzaji wa Nairobi asiye na duka, ana sanduku la posta tu. Nyeusi, inang'aa, nzito. Uzito ni dalili ya ubora, nimemweleza mke wangu Esta. Alikuwa anapepeta mahindi.

Tangazo lile niliwasomea watu kanisani mwezi uliopita. Majirani wawili walisema watangoja waone yangu. Bot Cheptoo, yaani mama Cheptoo, hakungoja. Mjane yule ana sababu. Mwaka jana kaka yake alifariki upande wa Transmara. Tangazo la kifo lilisomwa redioni siku mbili, naye hana redio. Alipata habari marehemu ameshazikwa. Sasa mama yao anaugua hukohuko. Ameuza mtamba wake, na Jumamosi alituma mani oda kuagiza yake.

Jumatano, 5 Machi

Bendi nane, stesheni moja. Nimezungusha kitufe asubuhi nzima. Idhaa ya lugha yetu, inayosoma matangazo ya vifo kila saa kumi na moja jioni, haipatikani kabisa. Redio yangu kuukuu, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, inaipata vizuri ikiwa juu ya kabati.

Milima huzuia mawimbi. Hili nililifundisha kila mwaka nilipokuwa mwalimu. Kwa hiyo nimeipandisha mpya hadi mlimani nyuma ya shule. Esta: "Unaitembeza kama mtoto anayekohoa."

Mlimani pia, stesheni moja.

Nina wasiwasi. Lakini mtu aliyesoma hahukumu kabla ya kupima. Kesho kwa fundi. Bot Cheptoo sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Kericho, kwa Fundi Owino. Alikuja zamani kutoka upande wa ziwa kufanya kazi kiwandani, sasa ana meza yake karibu na soko. Haharakishi. Ndiyo maana namwamini.

Ameondoa skrubu nne. Kasha ni jipya. Vilivyo ndani ni vizee, vimechomelewa upya. Swichi ya bendi inalia ta-ta-ta chini ya kidole, lakini haina waya hata mmoja. Na chini kabisa, kipande cha saruji kimebandikwa kwa gundi. Huo ndio uzito.

"Mwalimu, hii ni maiti imevalishwa suti."

Tumecheka. Kisha nikaacha kucheka. Nimekaa hadi saa tisa akijaribu kuifufua. Haikufufuka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemkuta Bot Cheptoo shambani, kikapu mgongoni. Nimemwambia yote bila utangulizi. Ametazama mikono yake. "Ni wewe ulisoma, Mwalimu." Si kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Risiti ilikuwa ndani ya kopo la sukari. Mani oda ambayo haijalipwa huweza kusimamishwa, mradi aliyeituma alete risiti mwenyewe. Hili nililijua tangu Jumatano. Tumekwenda Litein pamoja. Karani wa posta amepiga simu, akasubiri, akapiga tena.

"Imelipwa, mzee. Jana saa nane."

Jana saa nane nilikuwa Kericho, nikitafuta uhakika.

Aibu. Sina neno jingine.

Jumapili, 9 Machi

Nimeomba nafasi baada ya sadaka. Nimesimama palepale niliposimama kusoma tangazo. Nimewaambia kwamba miaka thelathini na moja nilifundisha watoto wao kuheshimu kilichochapishwa, na mimi mwenyewe nikasahau kuwa tangazo huandikwa na mwenye mali. Wale wawili wasitume chochote.

Mzee mmoja huko nyuma akasema: "Kumbe hata mwalimu hupata sufuri!"

Kanisa zima lilicheka. Nimeikubali sufuri hiyo. Bot Cheptoo hakucheka. Nimeamua: hatakosa mazishi mengine kwa sababu yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempelekea redio yangu kuukuu, iwe yake. Ameikataa.

"Hiyo inakula mawe manne ya betri kila mwezi. Nitayanunua kwa mtamba gani? Na saa kumi na moja niko bandani, nangoja majani yangu yapimwe. Itawasomea kuku?"

Ana haki. Saa hiyo karibu kijiji kizima kiko kwenye banda la majani chai. Na banda liko bondeni, redio haishiki kitu huko. Nimeijaribu leo nikiwa njiani kurudi. Mlio tu, kama mafuta kwenye sufuria.

Mimi huchuma asubuhi. Saa kumi na moja niko nyumbani, karibu na kabati.

Jumatano, 12 Machi

Shule imenipa ubao uliovunjika pembe. Rangi nimeitengeneza kama tulivyofanya zamani: nimepasua mawe ya redio yaliyokufa, nikasaga ule weusi wa ndani, nikauchanganya na majani ya viazi vitamu yaliyopondwa. Nimepaka mara tatu. Mikono yangu ni ya fundi makanika.

Karani wa banda ameruhusu niutundike. Jioni nitasikiliza na kuandika daftarini. Asubuhi nitaandika ubaoni: jina, kijiji, siku ya mazishi. Nikiwa na shaka nitangoja tangazo lirudiwe kesho yake. Asiyejua kusoma nitamsomea.

Jumanne, 18 Machi

Kifurushi cha Bot Cheptoo kimefika. Ileile, na saruji yake. Ameibandua saruji. Inazuia mlango wa zizi.

Barua zangu mbili kwa muuzaji hazijajibiwa. Nitaandika ya tatu. Gazeti nalo nimeliandikia.

Kila asubuhi Bot Cheptoo anapita bandani akielekea shambani. "Leo kuna wetu?" Nasoma majina yote, hata baada ya kumwambia hakuna.

Jumatatu, 24 Machi

Saa kumi na moja na dakika kumi. Jina la mama yake Bot Cheptoo. Jina la marehemu kaka. Kisha jina lake mwenyewe, binti aliyeolewa huku Bureti. Mazishi Alhamisi. Sauti ilikatika kwenye jina la kijiji.

Kanuni yangu ni kungoja lirudiwe. Sikungoja.

Nimeteremka hadi bandani, kalamu ingali mkononi. Magoti yanauma hata sasa. Alikuwa wa tatu kwenye foleni. Nimemshika mkono, nikamtoa pembeni. Alijua kabla sijasema. Karani ameyapima majani yake kwanza, waliokuwa mbele wakimpisha.

Kesho alfajiri anaondoka.

Jumatatu, 31 Machi

Bot Cheptoo amerudi. Alifika Jumanne jioni. Alimwosha mama yake pamoja na dada zake, akatupa udongo kwa mkono wake mwenyewe. Amenieleza haya akiwa amesimama, kikapu mgongoni, akitazama ubao.

"Leo kuna wetu?"

"Hakuna." Nimemsomea majina mawili yaliyokuwapo.

"Kongoi, asante, Mwalimu."

Akaenda kuchuma. Nimepangusa chaki, nami nikaenda kwangu. Majani yamekomaa, yasipochumwa leo yatakuwa magumu.