Mahakama Hatukuialika

Shoga, niko kwenye benchi la ofisi ya vitambulisho. Polisi yuko njiani. Anakuja kunichukua mimi.

Unakumbuka nilivyovunja kioo cha gari la baba watoto kwa mchi? Miaka mitatu sasa. Akaenda kushtaki. Halafu wazee wakakaa, nikaomba radhi, tukarudiana, yakaisha. Mahakamani sikwenda. Niende kufanya nini, na yameshaisha?

Kumbe hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Leo nimeweka vidole kwenye mashine, karani akatazama kompyuta, akanitazama.

"Dada, una hati ya kukamatwa."

Nikamwambia tuliyamaliza nyumbani.

"Mahakama hamkuialika," akasema. Kwa upole kabisa, kama ananipa pole.

Hati ya kukamatwa, shoga. Mimi ninayeogopa hata mlinzi wa benki.

Wala sijalia. Nimekaa tu, nafuta vidole kwa ncha ya mtandio.

Na baba watoto yuko nje, ndiye aliyenileta. Kwa gari lile lile. Ameniandikia sasa hivi: "Mama, bado tu? Njaa inauma."

Nimemjibu, "Bado kidogo."