Wifi Amepalilia Malisho

Jumatatu, 4 Machi
Tumemaliza kumwaga mbegu za nyasi. Nyepesi kama makapi — tumezichanganya na mchanga zisipeperuke. Miaka yote ya ugenini niliyaota malisho ya baba. Nimerudi nikakuta ardhi tupu, ngumu kama sakafu. Mdogo wangu, anayelisha ng'ombe wetu kwenye ardhi ya kukodi, amesema wazi: mvua zikiisha pangali peupe, anawauzia wafyatua matofali shamba lote. Wifi yangu, mjane wa marehemu kaka, alicheka hadi akakaa chini. Eti nimesoma vitabu vyote vile nije kupanda nyasi.

Alhamisi, 21 Machi
Zimeota! Kama nywele za kichanga. Ukisimama huzioni, ukichuchumaa unaziona. Nimechuchumaa sana. Kiuno kinalalamika.

Jumamosi, 6 Aprili
Nilikwenda kutibiwa jicho. Narudi — upande wa langoni mweusi, safi, umetifuliwa. Wifi kaegemea jembe, jasho linamtiririka. Nisimshukuru, kasema, magugu yalikuwa yamevamia, akaona aibu watu wakipita. Mkono uliozoea kung'oa nyasi maisha yake yote hauulizi. Nikamwonyesha kwa kidole nyasi zangu changa alizozing'oa. Alitazama, akajishika mdomo.

Jumapili, 7 Aprili
Asubuhi sauti mlangoni: "Wifi we, amka, watoto wako wana kiu." Alikuwa na beseni la mashina aliyoyang'oa, ameyafunika gunia bichi. Tumeyarudishia moja moja kwenye udongo alioulainisha mwenyewe, mvua ikitunyeshea mgongoni. Nikamwambia tulimtolea mahari nyingi mharibifu. Akajibu ilikuwa ndogo, ndiyo maana kapalilia upande mmoja tu.

Jumapili, 12 Mei
Zimefika magotini — magoti ya mtoto, lakini magoti. Upande wa langoni ndio uliosongamana zaidi. Wifi hazungumzi jingine. Masuke yametoka, mbegu bado mbichi. Na leo mdogo wangu katokea bila taarifa, mitamba minne nyuma yake. Alisimama akitazama, kofia mkononi. Kisha: waonje tu, dada, mdomo mmoja.

Wifi kaziba lango kwa jembe lake. "Shemeji, haupiti hata ukwato mmoja. Nyasi zidondoshe mbegu kwanza, au mwakani utapanda wewe."

Naandika nimekaa kwenye kigogo. Wamehamia ubishi mwingine: zizi lijengwe wapi. Matofali hakuna aliyeyataja. Mtamba mwekundu ameshapitisha shingo juu ya uzio, ulimi nje —